Fishi Nzuri ya Mama Germaine

Jumatatu, 10 Machi 2025
Wiki hii nakuwa muuguzi mkuu! Daktari Anaclet, bosi wa kituo chetu hapa Katuba, atachagua Ijumaa: mimi au Delphine. Delphine anajaza fishi, zile karatasi za historia ya wagonjwa, kwa kalamu, polepole, akiuliza hata magonjwa ya utotoni. Mimi nina simu. Naiambia akili bandia maneno matatu, inanipa fishi nzima, tena kwa Kifaransa cha maprofesa. Nimemaliza kumi na tano kabla ya saa sita. Delphine: sita. Maskini.

Jumanne, 11 Machi
Daktari amesifu fishi zangu mbele ya wote. Delphine akauliza kama kweli niliwauliza wagonjwa hayo yote. Wivu tu.

Jumatano, 12 Machi
Siku mbaya. Mama Germaine, anayeuza samaki wa ziwani kutoka Kilwa, alikuja na kidonda mguuni. Nikaiambia simu: mwanamke, miaka hamsini, kidonda, homa. Ikaandika ukurasa mzima, na chini kabisa: hakuna dawa inayomdhuru. Sikuwa nimemuuliza. Lakini iliandikwa vizuri mno! Nikamchoma penisilini.

Dakika tano, uso umevimba, pumzi haipiti. Nilibaki nimesimama, simu mkononi. Delphine ndiye aliyekuja mbio na sindano ya adrenalini, akamchoma, akamshikilia mpaka pumzi ikarudi. Mama Germaine alipoweza kusema, alinitazama: "Ile dawa inanikatalaka tangu butoto. Haukuniuliza, docta."

Nilikaribia kumuua mtu.

Alhamisi, 13 Machi
Daktari amenipa karatasi ya kujieleza. Jibu kwa maandishi, kesho saa nne asubuhi. Delphine ananipita tu mlangoni. Afadhali angenitukana. Nimeapa: simu basi!

Ijumaa, 14 Machi
Nimeiwasha kwa barua moja tu. Kuomba msamaha kwa Kifaransa ni kazi ngumu. Kurasa mbili! Wa kwanza uliniliza. Wa pili nikautia saini bila kuusoma, nikapeleka.

Daktari akaisoma kwa sauti mbele yetu. Kumbe ukurasa wa pili unasema nilikaa kando ya kitanda cha mgonjwa, nikamshika mkono, naye akanisamehe. Daktari akauliza kama ni kweli. Kitanda chenyewe kiko nyuma ya pazia, hatua nne. Mama Germaine akajibu kutoka huko kwamba hajaniona tangu Jumatano.

Delphine ndiye muuguzi mkuu.

Nilitaka sana kujua kama Mama Germaine atanisamehe. Nimeiuliza simu. Inasema atanisamehe, bila shaka yoyote. Moyo umetulia.