Danieri Apima Marashi ya Mama Kavira

Siku ya soko huko Bwera, Danieri wa Kasese alisimama mbele ya kibanda cha mama Kavira akaona jambo ambalo wengine hulipita tu. Mama huyo, mfanyabiashara kutoka Butembo, aliuza marashi kwa rejareja: mia tano ukipuliziwa mara moja, mia tano ukidondoshewa tone, mia tano ukipakwa kwa ile chupa yenye gololi mdomoni. Bei moja, njia tatu, na hakuna aliyejua njia ipi inatoa kiasi gani.

Danieri akatabasamu. Jioni ileile alikuwa anasubiriwa Kyarumba kwa kina Biira, mchumba wake, na mdomo wake ulikuwa umeshamponza: alimwahidi mama yake Biira marashi ya Paris. Mfukoni alikuwa na chupa ya kupulizia, maridadi kabisa, ila tupu. Biira alikuwa amemwonya kwamba mama amechoshwa na maneno matupu, na kwamba leo ndiyo mara ya mwisho. Na Danieri, pamoja na ujanja wake wote, alimpenda Biira kweli.

Akanyoosha koti, akatoa bomba la sindano, akakohoa kiofisi.

"Mama, mimi ni mtaalamu wa vipimo. Wateja wako wanalalamika."

"Banalalamika nini?"

"Kwamba njia moja inatoa mingi, ingine kidogo. Mimi napima bure, halafu utajua ni wapi unakula hasara."

"Bure?" Macho ya mama Kavira yakang'aa. "Ingia, papa," akasema, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

"Sasa, mpulizo mmoja ni kidogo sana, haipimiki. Tunapuliza mara mia tatu ndani ya chupa yangu, tunapima yote, tunagawanya. Ile imetoka inakwenda maabara."

"Maabara iko wapi?"

"Mbali, mama," alisema Danieri, na kwa kweli Kyarumba si karibu.

Wakapuliza. Kidole cha mtaalamu kilipokufa ganzi, akabadili mkono. Mipulizo mia tatu ikatoa mililita thelathini kwenye bomba. Matone mia yakatoa tano: tone moja, nusu ya mpulizo. Chupa ya Danieri ikajaa hadi shingoni, na roho yake pia.

"Tumemaliza, mama."

"Bado ya gololi."

"Hiyo haimwagiki kwa chupa."

"Njo maana niko na muzani." Akatoa mzani mdogo ambao marehemu mumewe alipimia unga wa dhahabu. "Tunapima chupa mbele, tunakupaka weye, tunaipima tena. Vula shati."

Hapo Danieri alipaswa kushtuka. Mwanamke aliyeishi na mzani wa dhahabu si wa kuchezewa kwa bomba la sindano. Lakini mtaalamu atakataaje kipimo? Akavua.

Akapakwa mara mia: mikono, shingo, kifua, hadi nyuma ya masikio.

"Funga macho, papa. Itakuchoma."

Akafunga. Pua yake ilikuwa imeshakufa zamani. Hata ungemletea beberu asingemtambua. Macho yakiwa yamefumbwa, mama Kavira akarudisha marashi yake yote chupani mwake, kisha akaijaza chupa ya mgeni maji ya rangi ya dhahabu. Ndani ya maji hayo makayabo, wale samaki wa chumvi, walikuwa wamelowekwa tangu asubuhi.

"Gololi mara mia, gramu moja na kidogo tu!" akatangaza. "Njo iyo ya gololi nitauzisha sasa. Aksanti sana, papa mutaalamu."

Danieri akapanda boda boda akiimba. Dereva, Swalik, alipiga chafya njia nzima.

Kyarumba akakabidhi zawadi kwa mikono miwili. "Mama, hii ni ya Paris kabisa."

Mama yake Biira akajipulizia kwenye kifundo cha mkono, shingoni, kisha akawapulizia shangazi wawili. Paka akatoka jikoni mbio, akamrukia mama mapajani na kuanza kumlamba mkono.

"Danieri," akauliza mama, "huko Paris wanavua samaki?"

Aibu ikamshika Danieri mpaka vidole vya miguu. Akaeleza yote: mipulizo, matone, gololi, mzani. Shangazi wakacheka wakishikana mabega. Mama hakucheka. Aliuliza habari za mama Kavira, moja baada ya nyingine, akamwita Biira ndani.

Biira alipotoka, alisimama hatua kumi mbali na mchumba wake, akiwa amejiziba pua.

"Mama amenikataa?" akauliza Danieri.

"Hajasema hivyo."

Moyo wa Danieri ukaruka kwa furaha.

"Anauliza tu," akasema Biira, "kama yule mama wa Bwera ana mtoto wa kiume ambaye hajaoa."