Misingi Iliyozeeshwa

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ubao wa baraza la mji, na kufikia saa nne kila aliyelisoma alikuwa ameshaguna. Kuanzia siku hiyo, lilisema, ni marufuku kujenga nyumba mpya mjini kwa mwaka mzima. Sababu zilijaa ukurasa: watu wameongezeka mara tatu ndani ya miaka kumi, bomba la maji ni lile lile walilotandaza babu zetu, shule zinasomesha kwa zamu tatu, na kwenye wodi ya wazazi kina mama wanalala wawili wawili, tena hapo bado hawajajifungua. Baraza lilikuwa linaomba mwaka mmoja wa kuvuta pumzi.

Watu walisoma nusu ya kwanza, wakalaani, wakaenda zao. Aliyebaki kusoma mpaka chini ni mmoja tu. Alikuwa na kofia ngumu ya manjano kichwani na kalamu tatu mfukoni mwa shati, na mji mzima ulimwita Injinia. Uinjinia wenyewe aliupata kwa kulinda stoo ya saruji miezi miwili, na kofia aliondoka nayo siku alipofukuzwa.

Kipengele cha saba kiliandikwa kwa herufi ndogo kama chawa. Kilisema kwamba yeyote ambaye msingi wake ulikamilika miezi sita kabla ya tangazo ataruhusiwa kuendelea kujenga, mradi mkaguzi auone na aridhike.

"Auone," Injinia alijisemea. "Hawakusema aulize karatasi."

Karatasi zisingeulizwa kwa sababu hazikuwepo. Mji ulipofurika, baraza liliajiri makarani wapya, makarani wakakosa pa kukaa, wakapewa chumba cha majalada. Majalada yakatolewa nje, yakafunikwa turubai, na mvua za mwaka ule zikayasoma yote moja baada ya jingine. Sasa kazi ilibaki kwa mkaguzi mmoja mwenye pikipiki na makopo mawili ya rangi. Msingi akiuona mzee, anaupiga alama ya kijani. Akiuona kijana, anaupiga nyekundu, na mwenyewe anakaa akiutazama mwaka mzima.

Mteja wa kwanza alikuwa kinyozi.

"Msingi wako una umri gani, ndugu yangu?" Injinia aliuliza akiwa amekaa kwenye kiti, povu mashavuni.

"Wiki tano."

"Pole sana. Bado mchanga huo. Ukimwonyesha mkaguzi hivyo hivyo, umekwisha. Nipe siku kumi niukuze."

"Unaukuza vipi?"

"Kitaalamu," Injinia akasema, akafumba macho. Na kunyolewa siku hiyo hakulipa.

Utaalamu wenyewe tuueleze, kwa faida ya vizazi vijavyo. Kwanza msingi ulipakwa maziwa yaliyochacha, maana kuvu inayapenda kuliko kitu chochote duniani. Kisha ikaletwa kuvu ya kijani iliyokwanguliwa nyuma ya vyoo vya shule, ikabandikwa upande usiopata jua. Nondo zilimwagiwa maji ya chumvi asubuhi na jioni mpaka zikaota kutu. Kwenye nyufa, ambazo Injinia alizipasua mwenyewe kwa patasi, kulipandwa majani. Mbuzi akafungwa hapo siku mbili ili aache alichojaliwa. Mwisho kabisa kiliwekwa kiota cha ndege, na hapo Injinia hakukubali kuharakishwa. Kiota alikizungushazungusha, akarudi nyuma hatua tatu, akakitazama kwa jicho moja, akarudi kukisogeza tena.

Mkaguzi alipokuja alikwangua kuvu kwa ukucha, akanusa kidole. Alitazama nondo, alitazama kiota.

"Maskini," akasema. "Huu umeteseka."

Akapiga kijani. Kinyozi alimlipa Injinia kwa mikono miwili. Baada yake akaja muuza viatu, akaja mwalimu mstaafu, wakaja ndugu wawili wasiosemeshana ambao kila mmoja alimtuma mkewe. Ndani ya wiki tatu bahasha ya Injinia ilikuwa haifungiki, na nyuma ya vyoo vya shule hapakuwa na kuvu hata ya dawa.

Ndipo akaitwa na Bwana Saruji, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Tangu tangazo litoke, mifuko yake ilikuwa inagandia stoo. Lakini Bwana Saruji hakulia, alikuwa amepiga hesabu nyingine. Nyumba mpya hazijengwi, watu wanazidi kumiminika, basi atakayekuwa na vyumba vya kupangisha mwaka huu atawapangia wapangaji hata saa za kupumua.

"Nataka ghorofa tatu," akasema. "Hiyo misingi yako ya maziwa inabeba chumba na jiko. Mimi nitafutie mzee wa kweli, aliyechimbwa na mtu mwenye akili. Utakachotoa kuununua, nitakurudishia mara nne."

Injinia alikunywa chai yake taratibu. Mzee wa kweli alikuwa anamjua. Ulichimbwa na baba yake mzazi.

Baba alikuwa mwashi. Alijengea watu nyumba siku sita za wiki, na siku ya saba akachimba msingi wake mwenyewe, miaka tisa mfululizo, mpaka ukawa na kina cha kifuani. Alifariki kabla hajainua ukuta. Kiwanja alimwachia binti yake mkubwa. Kijana wake, Injinia, alimwachia nasaha nyingi, ambazo kijana hakupata nafasi ya kuzitumia.

Huyo binti, dada yake Injinia, alikuwa fundi cherehani. Aliishi na wanawe watatu kwenye chumba kimoja, na mwenye nyumba alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kingepigwa ubao katikati, kila nusu kwa kodi ile ile. Akitaka nusu, abaki. Asipotaka, wapo kumi na wawili wanasubiri. Vyumba vya kuhamia havikuwepo mjini, hata kwa mwenye pesa. Kilichombakia dunia nzima ni ule msingi wa baba, ambao kila Jumamosi alikwenda na wanawe kuufagia, kuung'olea majani na kuusugua kwa mchanga na sabuni.

Na katika zile wiki tatu za kuzeesha misingi ya watu, Injinia hakupita hata siku moja kumwambia dada yake kuhusu kipengele cha saba. Alikuwa na shughuli.

Alikwenda Jumatano jioni. Alimkuta dada kainamia cherehani, macho mekundu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Afadhali umekuja, nilikuwa na jambo nataka kukuomba. Lakini anza wewe, nakuona umevua kofia."

Injinia alikaa kitandani, akashusha pumzi ndefu ya msibani. "Dada, nimetoka baraza. Hali ni mbaya. Hakuna kujenga. Wanasema mwaka, lakini mimi ninao watu ndani, wanasema huenda ikawa mitano. Na viwanja vilivyokaa wazi vitachukuliwa."

Cherehani ilisimama. "Vyote?"

"Vyote. Msingi uwepo, usiwepo."

Dada akauma uzi kwa meno. "Hakuna hata kanjia kadogo?"

"Ningekuwa nakajua, ningekuficha wewe? Damu yangu?" Injinia akaweka mkono kifuani. "Nimefikiria hivi. Niuzie mimi. Hasara niibebe mimi, mwanamume, sina watoto. Wewe ushike chochote mkononi."

"Chochote kiasi gani?"

Akataja. Dada akaanza kulia. Alitaja zile siku za saba za baba, akataja mgongo wa baba, akasema hawezi kumuuza baba kwa nauli. Injinia akaongeza. Dada akamtaja na mama. Injinia akaongeza tena. Wanawe nao waliposikia mama yao analia wakajiunga, mdogo akashika suruali ya mjomba na kuipangusia kamasi, na Injinia, huku akizidisha kwa nne kichwani, akatoa bahasha yote kama ilivyo.

"Ndiyo yote niliyo nayo, dada. Kwa ajili yako."

"Mungu akulipe sawasawa na nia yako," dada akasema, akaipokea.

Asubuhi yake waliandikiana mbele ya mjumbe. Dada alitia sahihi vizuri, bila haraka.

"Na lile jambo ulilotaka kuniomba?" Injinia akakumbuka, akiwa ameshashika mlango.

"Limekwisha," dada akasema.

Ijumaa saa tatu Injinia alisimama kiwanjani na Bwana Saruji. Msingi ulikuwa unang'aa kwa jua, pembe zimenyooka, zege laini kama sahani. Bwana Saruji aliingia ndani ukamfika kifuani, akagonga ukuta kwa pete, akasikiliza. Alitoka akicheka peke yake. Pesa alikuwa nazo kwenye gari.

"Kwanza kijani," akasema, "halafu tuandikiane."

Mkaguzi alifika na pikipiki yake. Alizunguka mara moja, akasimama kwenye kona.

"Huu mbona nilishaukataa?"

Injinia alitabasamu. "Utakuwa umeuchanganya, mkuu. Huu una miaka kumi na miwili."

"Nilikuja Jumanne. Mama mmoja fundi cherehani ndiye aliyeniita, akaniambia hivyo hivyo. Nikamwambia, mama, mimi nimeona misingi mingi mwezi huu. Misingi ya miezi saba ina kuvu, ina kutu, ina viota. Huu hauna hata jani. Huu ni wa juzi." Akainama, akapitisha kidole pembeni ya kona. "Nyekundu niliipiga hapa. Ameisugua. Tazama, imebaki kwenye vitundu."

Kweli, kwenye vitundu vya zege ilikuwepo.

"Mkuu, aliyechimba ni baba yangu!"

"Kila mtu ana baba," mkaguzi akasema, akafungua kopo jekundu. Safari hii alipaka urefu wa mkono.

Bwana Saruji alipanda gari lake, akafunga kioo, akaondoka na pesa zake mara nne.

Injinia alikimbilia kwa dada yake, akakuta chumba kiko wazi na mwenye nyumba anapima ubao. "Kahama jana," akaambiwa. "Yuko kwenye kiwanja cha yule kinyozi."

Kinyozi, tuseme ukweli, hakuwa ameumbwa kwa ujanja. Tangu apigiwe kijani hakulala. Kila pikipiki ikipita alijificha nyuma ya kioo chake, na wateja wawili walishakatwa masikio. Alipotokea mwanamke mwenye bahasha, alimpa kiwanja, msingi na kiota, akarudi zake kwao kupumzika. Injinia alipofika, mafundi walikuwa kwenye mstari wa tatu wa matofali, na dada anapima mlango kwa utepe wake wa kushonea.

"Dada, umenitapeli!"

"Nimekuuzia kitu ulichokitaka. Tena kizima."

"Ulijua umekataliwa!"

"Nilijua tangu Jumanne. Na kipengele cha saba nakijua tangu siku ya kwanza. Sare za makarani nashona mimi, nilikisoma nikisubiri kupeleka mzigo." Akazungusha utepe kwenye vidole. "Wiki tatu nilikungoja uje uniambie. Nikajisemea, ana kazi nyingi, atakuja. Jumanne yule mtu aliponipigia nyekundu nililia mpaka usiku. Nikasema kesho namfuata mdogo wangu, nimwombe auoteshee msingi wa baba kuvu kama anavyowaotesha watu baki. Hilo ndilo lilikuwa ombi langu. Ukaja mwenyewe, ukavua kofia, ukaanza kusema."

Fundi mmoja akamwomba Injinia asogee kidogo, anazuia toroli.

"Ungeniambia tu, mdogo wangu," dada akasema. "Tungejenga pale kwa baba. Na wewe ungekuwa na chumba."

Akageuka, akaendelea kupima mlango.

Jumatatu Injinia alipanga foleni barazani tangu alfajiri, fomu ya kupinga ile nyekundu mkononi. Kofia aliiacha nyumbani. Zamu yake ilipofika, alishika kingo za dirisha, akamweleza karani ukweli mtupu, kwa mara ya kwanza tangu aote meno. Alimweleza jinsi baba alivyochimba siku za mapumziko, jinsi alivyokuwa akimtuma yeye kumletea maji, na yeye akienda kucheza na ndoo. Jinsi baba alivyokunywa maji ya mtaroni siku moja na hakumchapa. Alimweleza kwamba dada yake aliusugua ule msingi miaka kumi na miwili kwa sababu hakuwa na pengine pa kumwekea baba heshima. Alisema yeye mwenyewe hakwenda kuusugua hata Jumamosi moja. Hapo alilia, na hakuwa amepanga kulia.

Karani alikuwa ameacha kuandika. Wenzake wawili walikuwa wamesogea kusikiliza, na mmoja alikuwa anajipangusa macho kwa mkono wa sare.

"Injinia," karani akasema, akimrudishia fomu yake taratibu, "kwa kweli wewe ni fundi. Mimi mwenyewe nilibakiza kidogo tu nikuamini."

Akainua shingo kutazama foleni.

"Anayefuata."