Kikombe cha Nahodha Manolis

Jumapili, 2 Novemba

Mashua! Ya tanga, nyeupe, imeingia ghubani kwetu asubuhi inachechemea. Upepo wa kaskazini umewapasulia tanga kubwa. Watu watatu: Nahodha Manolis, Mgiriki mwenye tumbo la heshima, mkewe Irini, na baharia mmoja ambaye kazi yake ni kukohoa. Watakaa mpaka tanga lishonwe. Siku nne hivi.

Nani amewapokea? Mimi, Sweilim. Mkalimani nani? Mimi tena. Pwani yetu hii ya Sinai, kuanzia kisimani mpaka mnara wa simu, hakuna anayekijua Kiingereza kama mimi. Nilifika darasa la sita. Haya, la tano. Mwalimu na mimi hatukuelewana juu ya mahudhurio.

Ami Frej amewachinjia mbuzi. Nilikuwa namtazama akiwamiminia kahawa, mara wazo likanijia. Kubwa! Nusura niangushe sinia.

Ni hivi. Nweira, binti wa Ami, ninamtaka tangu mwaka juzi. Ami alinijibu kwamba mkwe wake ataamka kabla ya mbuzi, si baada ya adhuhuri. Sasa Atiyya, yule wa pikapu, analeta wazee wake Alhamisi kumposa. Lakini kwetu mgeni akiweka kikombe chini bila kukionja, ana haja. Na mwenyeji hakatai. Humwambia kunywa kahawa yako, umepata, hata kabla ya kuisikia haja yenyewe. Basi Manolis ataweka kikombe chini, ataniombea Nweira, na Ami kwisha habari yake!

Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimemfundisha Manolis asubuhi nzima. Kiingereza kilinitiririka. Kikombe, chini, hapana kunywa. Akaitikia kwa kichwa, akacheka, akanipiga begani. Ameelewa!

Hakuelewa. Alasiri Ami alimmiminia, akanywa. Akamwongeza, akanywa. Nikamkonyeza. Naye akanikonyeza. Tena sikuwa nimemwambia kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe, kwa hiyo Ami akaendelea kumimina na yeye akaendelea kunywa, kwa adabu. Vikombe kumi na kimoja! Alipoinuka mikono ilimtetemeka hata Irini akamnyang'anya sindano ya kushonea tanga.

Ami akaniuliza kama huko Ugiriki hawana kahawa. Nikasema hawana. Sina hakika.

Labda kosa ni neno la "chini". Labda nilitumia lile la "juu". Haiwezekani.

Jumanne, 4 Novemba

Sielewi kilichotokea. Nakiandika kimoja kimoja, labda nitaelewa.

Atiyya alikuja na sanduku la barafu kwa ajili ya wageni. Nani kamwita? Akaketi karibu na mlango wa hema, sanduku mapajani. Ami akamimina. Manolis akakitazama kikombe, nadhani akavikumbuka vile kumi na kimoja, akakiweka chini. Kimejaa pomoni!

Ami akajinyoosha, akasema kwa ile sauti yake ya kusuluhishia watu: "Kunywa kahawa yako, mgeni wetu. Unalolitaka umelipata." Wote wakanigeukia mimi. Nikatangaza kwamba nahodha anamtaka Nweira.

Hapo yalibaki maneno mawili tu. Kwa Sweilim. Hayakutoka!

Ami aligeuka rangi ya jivu. Mzee wa watu, neno keshalitoa. Akamtazama Manolis, miaka sitini na mitano. Akamtazama Irini pale nje, anashona tanga lake na kutabasamu. Shangazi yangu, kule upande wa wanawake nyuma ya pazia, akajipiga kifua. Atiyya akasimama. Nikapiga kelele: hapana, hamtaki yeye, anamwombea mtu! Ami akashusha pumzi. Akauliza mtu gani, tena mgeni amwonyeshe kwa kidole chake mwenyewe, maana mdomo wangu anaujua.

Nikamwambia Manolis kwa Kiingereza, onyesha unachotaka. Nikajisogeza mbele, kifua nje. Akaonyesha. Kidole kikapita juu ya bega langu kikaenda moja kwa moja kwa Atiyya. Kumbe ni sanduku! Alitaka maji ya barafu!

"Amepata!" Ami akasema haraka, kabla kidole hakijahama.

Nyuma ya pazia vigelegele. Atiyya akakinywa kikombe cha Manolis chote. Manolis mpaka sasa hajapewa maji.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemkuta Nweira kisimani. Akaniambia: "Mwana wa ami, hii ndiyo kazi ya kwanza uliyoianza ukaimaliza." Akacheka mpaka ndoo ikamponyoka. Namwonea huruma. Anaficha uchungu.

Nikaenda kwa Ami, nikapokea kikombe, nikakiweka chini. Nikangoja. Akaniambia desturi hiyo ni ya wageni, mimi nimezaliwa nyuma ya hema hilihili. Kama sinywi nimwage hapo mchangani, na kikombe nikioshe. Nikakiosha.

Kisha kwa Manolis, akanirekebishie mambo. Nikamweleza kwa kirefu. Akanikumbatia, akanipa fulana yenye picha ya nanga. Sijui ameahidi au ameniaga.

Alhamisi, 6 Novemba

Aliniaga. Wanasema upepo ulilala alfajiri wakaondoka na tanga lao zima, na nahodha alingoja kidogo akiniita. Mimi niliamka adhuhuri.

Wazee wa Atiyya walikuwa tayari wameketi. Aliyepewa mdila wa kahawa awamiminie nani? Mimi! Atiyya kaniita shemeji. Kasema mtoto wa kwanza ataitwa Manolis. Nimeshindwa kujua kama ni utani, maana hata Ami aliitikia.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimefikiri sana. Kosa halikuwa langu. Kosa ni barafu. Bila barafu kidole kingekwenda wapi? Kwangu!

Na Nweira ana mdogo wake, Hamda. Hajaposwa. Kila akiniona anageuka pembeni anacheka. Dalili nzuri sana.

Mashua nyingine! Tanga jekundu, nahodha Mjerumani! Nimeogelea mpaka ubavuni mwake, na kabla ya salamu nikamuuliza kama anakunywa kahawa. Kanijibu kwamba yeye ni chai tu.

Haidhuru. Hata chai huwekwa chini.