Sehemu ya Pili Peke Yake

Jumatano, 4 Juni

Barua imefika. Nimepewa meza kwenye tamasha kubwa la mashabiki wa filamu na katuni, wale wanaokuja wamevaa kama wahusika, Jumamosi! Ukumbi wa maonyesho, watu elfu ishirini, waigizaji wa televisheni. Jumamosi hiyohiyo kuna maonyesho yetu madogo ya vitabu vya katuni, kwenye bwalo la shule ya msingi. Meza kumi na mbili na birika moja la chai. Miaka mitatu nimekaa pale ubavuni mwa Fundi Cherehani, ambaye wiki nzima hushona sare na wikendi huchora visa vya mbuzi mwizi. Watu humwomba atie sahihi. Mimi sijaombwa hata na mke wangu. Ninachotaka ni hicho tu: mtu mmoja aninyooshee kitabu na kalamu.

Kitabu ni Kinyozi Asiyeonekana, kisa kimoja katika sehemu mbili. Maneno yangu, picha za shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji anataka twende bwaloni kama kawaida. Nimemwambia awaze makubwa.

Alhamisi, 5 Juni

Kichwa kimefanya kazi. Shemeji aende bwaloni na nakala zote za Sehemu ya Kwanza. Mimi niende tamashani na zote za Sehemu ya Pili. Sehemu ya Kwanza inaishia wembe ukiwa shingoni mwa jambazi na umeme umekatika. Nani atavumilia? Watatoka bwaloni mbio waje kwangu. Shemeji ameuliza, na wale watakaoanzia kwako? Nimemwambia asinikatishe tamaa.

Mke wangu amenitazama, akaendelea kukunja nguo. Akikunja nguo kwa nguvu namna ile, najua hajakubali.

Jumamosi, 7 Juni

Nilivaa kama shujaa wangu. Koti jeupe, kitana mfukoni, mashine ya kunyolea niliyoazima kwa jirani. Meza yangu ilikuwa nyuma ya nguzo, karibu na vyoo. Foleni ndefu ilinipitia mbele kutwa. Kumbe ya kupiga picha na mwigizaji.

Saa nne akaja msichana mwenye mabawa ya bandia, wigi limepinda. Akaketi kwenye kiti changu, akaniomba nilinyooshe. Nikadhani ni shabiki, nikalinyoosha. Akaita wenzake. Kufikia saa tisa nilikuwa nimetengeneza mawigi kumi na manne na sharubu za mfalme mmoja. Msimamizi wa tamasha amenipongeza, akasema mwaka jana walikosa kinyozi.

Mtu mmoja tu alifungua kitabu. Akauliza huyu aliyeketi ni nani na kwa nini anashikiwa wembe. Nikasema yote yamo katika Sehemu ya Kwanza. Iko wapi? Ng'ambo ya mji, kwenye bwalo la shule. Akakirudisha mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

Sahihi niliyotia leo ni moja, kwenye daftari la mlinzi getini.

Jumapili, 8 Juni

Shemeji amekuja. Sehemu ya Kwanza zimekwisha zote. Watu walizisoma palepale, wameketi kwenye madawati, kisha wakaanza kuulizia mwandishi. Kumi na mmoja walitaka sahihi. Muuguzi mmoja alinisubiri mpaka madirisha yanafungwa. Alisema ndiyo mara ya kwanza amecheka tangu amzike mumewe, na alitaka kuniambia mwenyewe.

Nikauliza sasa zile sahihi walifanyaje. Shemeji akatazama viatu vyake. Fundi Cherehani alitia kwa niaba yangu. Zote kumi na moja.

Imeniuma sana. Nimekwenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mke wangu akanifuata, akasema haijaharibika kitu: wasomaji wale wamepatana na kaka yake warudi bwaloni Jumamosi ijayo kuchukua Sehemu ya Pili, muuguzi naye yumo, na safari hii wanamtaka mwandishi. Niende nikae nao tu, basi. Nimeapa nitakwenda. Mimi na matamasha makubwa tumeachana.

Ijumaa, 13 Juni

Msimamizi wa tamasha amepiga simu. Kesho kuna jingine mji wa jirani, kubwa zaidi. Watu elfu arobaini! Amesema wananihitaji mno, nisisahau mashine. Vitabu hakuvitaja, ila sauti yake ilikuwa ya mtu anayependa kusoma.

Sehemu ya Kwanza sina hata moja. Si neno, nimeandika bango: ANZA NA MWISHO, MWANZO UTAUJUA.

Nakala kumi na moja za bwaloni nimemkabidhi shemeji. Akaniuliza yule muuguzi amwambie nini. Nimesema amsalimie sana. Na sahihi atie Fundi Cherehani, maana wameshazoea mwandiko wake.