Nilivyoing'arisha Treni Iliyokufa

Jumatatu, 6 Mei
Mama ametoa hukumu hata chai haijapoa. Nisipopata kazi hadi Ijumaa, naenda kwa mjomba kufyatua matofali. Mjomba! Yule anayeamka saa kumi alfajiri na kudhani wengine wote tunaumwa. Nikamwambia mama kwamba mimi ni mtu wa kutumia kichwa. Akasema vizuri, kichwa hicho hicho kitabeba matofali.

Lakini nyota yangu haizimiki kirahisi. Mama hufua mashuka nyumba ya wageni, na meneja kamnong'oneza kuwa Alhamisi anakuja mpiga picha, mama mmoja kutoka mbali, anayezunguka akitafuta treni zilizotelekezwa. Anataka kijana wa kumtembeza reli yote ya zamani, miezi mitatu, mshahara wa kueleweka. Sasa nani anaijua stesheni yetu ya zamani kunishinda mimi? Darasa zima la sita nililitoroka nikajificha kwenye yale mabehewa. Ndiyo masomo yangu ya juu.

Jumanne, 7 Mei
Nimekwenda kukagua mali. Hali mbaya! Kichwa cha treni kimeliwa na kutu, ukikigusa kinatoa unga. Behewa la daraja la pili limeota mti katikati, umetoboa paa na kutokeza nje kama abiria anayechungulia. Viti vimetafunwa na panya. Dirisha la tiketi limejaa nyigu. Aibu tupu! Mgeni atoke kote huko aje kuangalia uchafu wetu?

Na nani nimemkuta pale? Kimbaumbau, mtoto wa fundi cherehani, adui yangu tangu chekechea. Naye kasikia habari za mgeni! Ameketi na Babu Filimbi, mlinzi wa pale, ambaye zamani alikuwa gadi wa treni hiyo hiyo na mpaka leo anavaa filimbi shingoni. Kimbaumbau anauliza, Babu anajibu, daftari linajaa. Nikamcheka sana. Nikamuuliza kama mgeni anakuja kuona treni au kufanya mtihani.

Babu akataka kujua mimi nina mpango gani. Nikamwambia ni siri ya wataalamu. Akanitazama, akasema, "Mjukuu wangu, usiguse kitu."
Wivu wa wazee huo.

Jumatano, 8 Mei
Leo Babu kaenda kliniki kuangaliwa magoti. Uwanja wangu!

Mti nimeukata kwa shoka la jirani. Kuni nikampelekea mama, akapikia chakula cha mchana na kuniita "mwanangu", jambo lililotokea mara ya mwisho mwaka juzi. Nyigu nimewafukuza. Na wao wamenifukuza. Tumetoka sare, ila jicho la kushoto limegoma kufunguka.

Halafu kutu. Nimepiga msasa mpaka viganja vikaomba talaka. Rangi nimepewa na kinyozi, mabaki ya kibanda chake: pinki nyingi, bluu kidogo. Kwa hiyo kichwa cha treni ni pinki, magurudumu bluu. Ubavuni nimeandika KARIBU MGENI WETU. Nafasi haikutosha, WETU imeangukia kwenye gurudumu. Lakini kinang'aa! Kingeposwa leo leo.
Maskini Kimbaumbau na daftari lake.

Alhamisi, 9 Mei
Mgeni kafika na kamera tatu. Nikamwomba afumbe macho tangu getini, nikamwongoza kwa adabu zote. Tulipofika nikapaza sauti: "Fumbua, mama!"

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikajua ni furaha.

Akaketi juu ya reli taratibu, kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Akauliza kutu iko wapi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimeimaliza yote. Akauliza ule mti aliouona pichani uko wapi, maana kasafiri siku mbili kwa ajili yake. Nikamweleza ukweli kwamba tumeupikia. Akainuka, akaegemea kichwa cha treni apate pumzi. Rangi ilikuwa mbichi. Akabandukana nacho akiwa na KARIBU mgongoni.

Babu Filimbi alipoona, akapuliza ile filimbi ya kusimamisha treni. Treni imesimama miaka thelathini sasa, kwa hiyo nilisimama mimi.

Hapo Kimbaumbau akajipenyeza. Akamwambia mgeni kuwa nyuma ya tangi la maji kuna behewa la mizigo ambalo mkono wa mtu haujaligusa, na Babu anaikumbuka siku lilipoachwa. Wakaondoka watatu. Kamera zikalia huko mpaka jioni.

Ijumaa, 10 Mei
Kimbaumbau kapata kazi. Nimekwenda nyumba ya wageni kukata rufaa. Nikajitolea kuirudisha kutu yote. Mgeni akasema kutu ile ilichukua miaka thelathini. Nikamwomba wiki mbili. Akacheka mpaka akashika mlango.

Kisha akanieleza kwa upole. Eti uzuri wa kile chuma ulikuwa ni ule uzee wake, na watu hutoa pesa nzuri kutazama picha za kutu kama ile. Nimemwelewa vizuri sana. Siku ya kwanza maishani kumwelewa mwalimu!
Nimerudi nyumbani, mama kashafunga begi langu.

Jumapili, 12 Mei
Kwa mjomba. Malengelenge kumi na moja, na nimefyatua siku moja tu.

Leo mjomba kasafiri hadi Jumatano. Kaniachia pikipiki yake mpya, hata nailoni ya kiti haijatolewa. Kasema, "Mpwa wangu, jasho langu la miaka mitano hili. Itunze."

Namhurumia. Yuko nyuma sana. Hajui kama kitu kipya hakina thamani siku hizi! Lakini ana mpwa msomi. Lile shimo la kulowekea udongo nimelijaza maji, nikamwaga gunia zima la chumvi ya ng'ombe, nikaisukuma pikipiki taratibu. Imezama mpaka usukani.

Jumatano mjomba atalia kwa furaha.