Mfuko wa Gesi Nyuma ya Jiko la Shangazi

Jumatatu, 3 Juni
Kozi ya nishati jadidifu, hatua ya awali. Jua tumemaliza, sasa bayogesi. Kila mwanafunzi ana mfuko mkubwa wa plastiki nyumbani kwao, anaulisha samadi na maji. Wangu uko nyuma ya jiko la Shangazi, umelegea kama soksi ya jana. Wa Profesa umeshanona, kwa maneno yake. Profesa ni kinyozi, mwanafunzi mwenzangu, hujibu hata asiloulizwa. Mtihani wa vitendo ni wiki ijayo. Shangazi ndiye anayenisomesha. Amesema nikianguka na hapa, kama nilivyoanguka kwenye ushonaji na udereva, naenda kwa mjomba kupasua kokoto. Naogopa kokoto. Mjomba mwenyewe amebaki na vidole vinane.

Jumanne, 4 Juni
Wazo! Mwalimu anasema mfukoni mna vijidudu, ndivyo vinavyotengeneza gesi. Akasisitiza ndoo moja ya samadi kwa siku, visije vikavimbiwa. Lakini nani aliwahi kunenepa kwa samadi? Nimeomba makombo mgahawani, ndoo tatu tele. Nimeongeza sukari ya Shangazi. Mkono mtupu haulambwi.

Jumatano, 5 Juni
Umeinuka! Profesa alipita, akachungulia, akanyamaza. Kinyozi kunyamaza! Nimeongeza ndoo mbili nyingine.

Ijumaa, 7 Juni
Umevimba mno. Umefika ukutani. Plastiki inalia nikiukaribia. Nimemuuliza Mwalimu, kwa niaba ya rafiki, mfuko ukipasuka inakuwaje. Akasema inategemea kama kuna moto karibu. Moto! Shangazi anapikia pale pale. Nimekimbia nyumbani nikamwambia daktari anashauri watu wa umri wake wale vitu vya baridi. Akataka kujua daktari gani, na umri gani. Tumekula mkate mkavu bila kuangaliana.

Jumamosi, 8 Juni
Dawa ni kufungua koki, gesi itoke. Lakini Profesa anasema hata cheche ya simu inatosha kutumaliza. Nimezima simu. Nimevua na mkanda, una chuma. Nilifika nusu ya njia, mfuko ukalia, nikarudi kwa magoti. Kiberiti cha Shangazi nimekiloweka kwenye maji. Amekiona. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, nyuma ya jiko langu umeweka nini?"

Nimemjibu, maisha yangu ya baadaye. Akachukua mto wake, akahamia kwa jirani.

Jumatatu, 10 Juni
Mtihani. Darasa zima linazunguka nyumba kwa nyumba. Mfuko wa Profesa mdogo, mwembamba, lakini ulitoa mwali wa moto wa bluu, na chai ikachemka. Kisha kwangu. Walishangilia ukubwa. Mimi nilikuwa nimeshajificha nyuma ya ukuta wa jirani. Mwalimu akawasha kiberiti, akafungua koki. Nikafumba macho, nikamsamehe hata Profesa.

Fuuu. Njiti ikazimika. Akawasha ya pili, ikazimika. Akanusa, akaniita nitoke nilikojificha.

"Umevilisha hadi vimevimbiwa. Mfuko umechacha. Hii si gesi ya kupikia, hii ni ya kuzimia moto."

Sifuri. Shangazi amempigia mjomba simu mbele yangu. Mjomba ameuliza kama nina viatu vigumu.

Jumanne, 11 Juni
Nimelia hadi Shangazi amelegea. Nimepewa nafasi moja ya mwisho, mtambo mdogo wa upepo. Nikianguka tena, amesema nisirudi hata kuchukua nguo. Mwalimu ameagiza tusimamishe mtambo juu, mahali pa wazi, kisha tusubiri upepo. Tusubiri! Upepo ukigoma je? Mimi nimeshaazima feni kubwa kwa fundi cherehani. Naiweka mbele ya mtambo, inavuma mfululizo. Profesa atakoma. Umeme wa kuendesha feni haunisumbui kichwa hata kidogo. Utatoka kwenye mtambo.