Vita vya Gauni la Kijani na Maneno Chini ya Picha

Nyamazeni, enyi mnaopitisha vidole kwenye vioo vya simu, msikie jinsi Fundi Cherehani, mshinda zipu, mtiisha hariri, alivyoliandika gauni hata asiyeona akaliona!

Siku hiyo Fundi alitundika picha ya magauni matatu kwenye ukurasa wa duka lake, na chini yake akapanga jeshi la mioyo myekundu, safu kwa safu, kama ilivyo desturi ya wauza nguo. Mara simu ikalia. Alikuwa shangazi yake, bibi harusi mtarajiwa, ambaye macho yalishamuaga zamani na ambaye simu yake humsomea kwa sauti.

"Wewe mtoto, umenifanyia nini? Simu inaniambia picha, kisha moyo mwekundu, moyo mwekundu, moyo mwekundu, mpaka nimechoka kupendwa!"

"Nisamehe, shangazi. Ngoja nikueleze..."

"Usinieleze mimi sikioni. Andika palepale, nisome kama watu wengine. Mawifi wamejaa sebuleni wanataka kunichagulia. Nikikawia, nitaolewa ndani ya pazia!"

Fundi akaifyeka mioyo yote, asibakize hata mmoja. Akaingia kwenye uwanja mtupu wa maelezo ya picha, akapiga pigo la kwanza: "Magauni matatu mazuri."

Simu ya shangazi ikasoma.

"Mazuri! Na mimi nikikwambia mchumba wangu ni mzuri, utamtambua njiani?"

Jasho likamtiririka shujaa. Akarudi vitani, akiyakabili magauni moja moja kama mtu asiyeyashona yeye: la zambarau, mabega yamevimba, mkia unaburuta; la rangi ya maziwa, lesi mpaka kooni; la kijani kibichi, mikono mifupi, linaishia chini ya magoti, na mifuko miwili imefichwa kwenye mishono ya ubavuni.

Simu ikasoma tena. Kisha simuni ikapasuka ngurumo:

"La kijani! Lina mifuko, jamani!"

"Mifuko gani?" wifi mmoja akasikika. "Mbona sisi hatuioni?"

"Someni," akasema shangazi.

Wakasoma, wote wenye macho yao. Basi vizazi na vikumbuke kwamba bibi harusi yule aliingia ukumbini ndani ya gauni alilojichagulia mwenyewe, mkono mmoja kwa mumewe, mwingine mfukoni.